Sindano ya kuzuia neva Texas: mgonjwa analipa nini, na kwa nini bei zinatofautiana hivi

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Houston, Texas, nina miaka 54, nafanya kazi ya ghala. Kiuno kimenisumbua miaka miwili sasa. Daktari wa maumivu anataka kunichoma sindano za kuzuia neva pande zote mbili, kwenye ngazi za chini za mgongo ziitwazo L4-L5 na L5-S1. Atazirudia baada ya wiki chache, na zikionyesha matokeo mazuri ataziunguza hizo neva. Hospitali imenipigia simu kwamba nijiandae na dola 2,900 kabla ya siku ya kwanza. Bima yangu ya kazini ina dedaktibo (kiasi ninacholipa mwenyewe kabla bima haijaanza kuchangia) ya dola 3,000, nimeshatumia 700. Dedaktibo ikiisha nachangia asilimia 20, na ukomo wangu wa mwaka, yaani jumla ambayo siwezi kulipa zaidi yake, ni dola 7,000. Mwenzangu kazini anasema yeye alilipa dola 310 tu kwa sindano hiyohiyo. Je, naibiwa? Na mke wangu hana bima, naye shingo inamsumbua. Akiandikiwa sindano kama hizi itakuwaje?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Miaka miwili ya kiuno ukiwa unanyanyua mizigo si jambo dogo. Kwa hesabu ulizonipa, huibiwi. Ila unapelekwa kwenye jengo la bei ya juu kuliko yote, na pengine hakuna aliyekuambia kwamba kazi ileile inafanyika kwingine kwa bei ya chini sana. Jambo hilo linabadilishika kabla ya tarehe kupangwa. Baada ya sindano ni vigumu mno.

Kwanza tuisome hiyo 2,900, maana inasema mengi. Dedaktibo yako imebaki dola 2,300. Ukiitoa kwenye 2,900 inabaki 600, na hiyo ndiyo asilimia 20 yako ya kiasi kinachofuata. Mia sita ni asilimia 20 ya 3,000. Jumlisha 2,300 na 3,000, unapata 5,300. Hiyo ndiyo bei ambayo hospitali na bima yako wamekubaliana kwa siku moja ya sindano. Kila mwenye bima anaweza kufanya hesabu hii ya kurudi nyuma: toa dedaktibo iliyobaki, kinachobaki kigawe kwa asilimia yako, kisha jumlisha tena dedaktibo. Ukishaijua bei ya mkataba, unaweza kulinganisha. Ukilinganisha makadirio ya malipo peke yake unajidanganya, kwa sababu malipo yanategemea umefika wapi na dedaktibo. Mwenzako aliyelipa 310 huenda dedaktibo yake ilikuwa imeisha. Asilimia 20 ya 1,550 ni 310 kamili. Na huenda alichomwa ofisini kwa daktari. Sindano inaweza kuwa ileile na hesabu isifanane kabisa.

Sasa tuangalie kinachofanyika chumbani, kwa sababu bili yote inaning'inia hapo. Nyuma ya kila pingili mbili za mgongo kuna viungo viwili vidogo, kimoja kila upande. Kila kiungo kinapata hisia kutoka kwenye vijineva viwili, kimoja cha ngazi ya juu yake na kimoja cha ngazi yake. Viungo viwili vya upande mmoja, L4-L5 na L5-S1, vinahudumiwa na neva tatu kwa sababu ile ya katikati inagusa vyote viwili. Pande mbili ni neva sita. Utalala kifudifudi chini ya mashine ya eksirei yenye mkono wa nusu duara. Daktari ataweka ganzi ya lidokeini kwenye ngozi, ataingiza sindano nyembamba ya inchi tatu na nusu hivi hadi iguse mfupa pale neva inapopita, kisha ataachia bupivakeini kiasi cha nusu mililita au pungufu kwa kila neva. Dawa yote ya neva sita haizidi mililita tatu. Kichupa chake ni dola chache tu. Kazi nzima ni dakika kumi na tano hadi nusu saa.

Kwa hiyo dawa haiwezi kueleza dola 5,300. Kinachozieleza ni chumba.

Texas, kama majimbo mengine ya Marekani, ina sehemu tatu za kuchomewa sindano hii. Ya kwanza ni ofisi ya daktari yenye mashine yake ya eksirei. Hapo inatoka bili moja: daktari anatoza kazi yake pamoja na chumba na vifaa. Ya pili ni kituo cha upasuaji wa siku moja. Hapo zinatoka bili mbili, ya daktari na ya kituo. Ya tatu ni idara ya wagonjwa wa nje ya hospitali. Nako ni bili mbili, lakini ile ya jengo ni nzito zaidi. Mfano mzuri ni Medicare, bima ya serikali ambayo hasa ni ya wazee, kwa kuwa bei zake hupangwa hadharani. Kwa sindano hii Medicare hukilipa kituo cha siku moja takriban nusu ya inachoilipa hospitali kwa ukumbi, na ofisini malipo yote ni madogo kuliko hayo. Bima za kazini hujadiliana bei zao zenyewe, kila moja kivyake, lakini ngazi hizo tatu karibu kila mara hubaki vilevile: ofisi chini, kituo katikati, hospitali juu.

Kuna mtego hapa unaowanasa watu waangalifu kabisa. Hospitali nyingi kubwa zimenunua kliniki za madaktari. Jengo liko barabarani, mbali na hospitali, lina sehemu yake ya kuegesha magari na linaonekana kama ofisi ya kawaida. Kwenye hesabu linatozwa kama idara ya hospitali. Usiamini macho. Mwulize karani swali hili, neno kwa neno: "Je, mahali hapa panatozwa kama ofisi, namba 11, au kama idara ya hospitali, namba 19 au 22?" Kituo cha upasuaji wa siku moja ni namba 24. Namba hizo zinaandikwa kwenye kila dai linalopelekwa bima, na mtu wa bili anazijua. Akikujibu tu kwamba "ni kliniki", bado hajakujibu.

Jambo la pili ambalo makadirio ya simu hayakukuambia ni kwamba hununui siku moja. Unanunua mfululizo. Sindano za kwanza ni jaribio la kuona kama maumivu yanatoka kwenye viungo hivyo. Za pili ni za kuthibitisha. Zote mbili zikifaulu ndipo neva zinaunguzwa kwa joto la mawimbi ya redio, na mara nyingi huunguzwa upande mmoja kwanza, wa pili baadaye. Hizo ni safari nne. Tuzipige hesabu kwa bima yako. Bei ya sindano hospitalini tunaijua, 5,300. Zinazofuata ni za mfano tu, uone jinsi hesabu inavyokwenda: hospitali 9,000 kwa kila siku ya kuunguza; kituo cha siku moja 1,900 kwa sindano na 3,200 kwa kuunguza; ofisi 700 na 1,800.

Hospitalini utalipa 2,900 safari ya kwanza, 1,060 ya pili, 1,800 ya tatu. Ya nne utalipa 540 tu kwa sababu hapo umegonga ukomo wako wa 7,000. Jumla kutoka leo ni 6,300. Kwenye kituo cha siku moja utalipa 1,900 yote ya kwanza, kisha 700, kisha 640 na 640. Jumla 3,880. Ofisini ni 700, 700, 1,080 na 360, jumla 2,840. Daktari anaweza kuwa yuleyule na neva zilezile sita, na tofauti ikafika dola 3,460.

Hesabu hiyo inaonyesha pia upande wa pili. Mtu ambaye tayari amegonga ukomo wake wa mwaka, labda kwa upasuaji au matibabu ya saratani, hatalipa chochote popote atakapokwenda ndani ya mtandao wa bima, yaani kwa madaktari na majengo yenye mkataba na bima yake. Huyo achague kwa urahisi na ubora, bei isimsumbue. Ukomo wa mwaka kwa mipango inayofuata sheria ya bima ya Marekani haukuweza kuzidi dola 9,200 kwa mtu mmoja mwaka 2025, na 10,600 mwaka 2026.

Angalia na kalenda. Dedaktibo ya mipango mingi huanza upya Januari 1, ingawa baadhi ya waajiri wana mwaka wao. Ukichomwa sindano za kwanza Novemba, za pili Desemba, kisha ukaunguzwa Januari, utakuwa umelipa dedaktibo mbili kwa tatizo moja. Ikiwa hali yako inaruhusu, panga safari zote nne ziangukie mwaka mmoja wa bima.

Ili upate bei ya kweli, piga simu na namba mkononi. Maelezo ya mdomo kama "sindano ya mgongo" hayatoshi, kwa sababu kuna sindano za mgongo za aina nyingi na kila moja ina namba yake ya CPT, namba ya huduma inayoandikwa kwenye bili. Sindano zako ni 64493 kwa kiungo cha kwanza cha kiuno na 64494 kwa cha pili. Kiambatisho 50 kwenye 64493 maana yake pande mbili; 64494 huandikwa mara mbili au na kiambatisho hicho, kutegemea bima. Kuunguza ni 64635 kwa kiungo cha kwanza na 64636 kwa kila kinachoongezeka. Sindano ya steroidi kwenye nafasi inayozunguka uti wa mgongo ni kitu kingine kabisa, 62323 au 64483. Ukimtajia mtu wa bima namba isiyo yako atakupa bei isiyo yako. Mwombe karani wa daktari akuandikie namba zote, jina la daktari, jina la jengo na namba ya kodi ya jengo hilo. Kisha ipigie bima, namba ya simu iko nyuma ya kadi, na uwaulize bei ya mkataba kwa namba hizo katika kila jengo ambalo daktari huyo anafanyia kazi. Andika tarehe, jina la aliyekujibu na namba ya mazungumzo.

Hospitali pia unaweza kuipekua mwenyewe. Tangu Januari 1, 2021 kila hospitali Marekani inatakiwa iweke bei zake kwenye tovuti: bei ya orodha, bei ya taslimu, na bei iliyokubaliana na kila bima. Texas iliongeza sheria yake ya jimbo mwaka huohuo. Faili huwa kubwa na la kuchosha, lakini ukitafuta 64493 ndani yake utaona mstari wa bima yako. Bei ya orodha ipuuze. Wenye bima hawailipi, na wasio na bima wasikubali kuilipa.

Kabla ya yote, kibali cha awali, yaani ruhusa ya bima kabla ya huduma. Bima nyingi zinakitaka kwa sindano hizi, na Medicare inakitaka kwa viungo hivi vikifanyiwa kazi kwenye idara ya hospitali tangu Julai 1, 2023. Kibali kinataja namba za CPT na jengo. Jengo likibadilishwa na kibali kisibadilishwe, dai linakataliwa, na kila mtu anamwachia mgonjwa mzigo. Uombe ukione kwa maandishi. Bima ikikataa, una siku 180 za kukata rufaa kwao. Wakikataa tena, una miezi minne ya kuomba mtu wa nje aliangalie dai lako. Kinachosaidia kwenye rufaa ni karatasi za miezi mitatu au zaidi ya maumivu, na za mazoezi ya tiba ya viungo uliyohudhuria. Kama ulifanya mazoezi nyumbani tu bila kuandikiwa, mwambie daktari ayaandike kwenye faili.

Jaribio lenyewe linaweza kuharibika, na likiharibika unalipa mara ya pili kwa jibu usilolipata. Kanuni ya Medicare ni kwamba maumivu yapungue kwa angalau asilimia 80 muda ambao ganzi inafanya kazi, kwenye sindano za kwanza na za pili, ndipo kuunguza kukubaliwe. Bima nyingi za kazini zina masharti yanayokaribiana na hayo, na nyingine hukubali asilimia ndogo zaidi, kwa hiyo uliza yako. Asilimia hiyo inatoka kwenye karatasi utakayojaza mwenyewe. Kwa hiyo siku ile uwe na maumivu yako ya kawaida. Muulize daktari ni dawa gani ya maumivu usimeze asubuhi hiyo, maana ukimeza kidonge cha nguvu hakuna atakayejua nafuu imetoka wapi. Lakini dawa za kuzuia damu kuganda usiziguse mpaka daktari akuelekeze. Ukitoka, usiende kulala. Fanya yale yanayokuumiza: inama, simama muda mrefu, panda ngazi taratibu, na andika maumivu kwa namba 0 hadi 10 kabla ya sindano, kisha kila nusu saa au saa kwa saa sita hivi. Mtu anayeandika "nilijisikia vizuri kidogo" amejinyima kibali. "Kabla 8, baada ya saa moja 1" ni asilimia 87 na nusu, na hiyo inatosha.

Usingizi wa dawa nao unaharibu jaribio vilevile, na unaongeza bili ya tatu. Sindano za kuzuia neva za viungo hivi zinafanyika kwa ganzi ya ngozi tu, na Medicare kwa kawaida haikubali kulipia usingizi juu yake. Ukiambiwa kutakuwa na mtaalamu wa ganzi, uliza kwa nini. Wapo wagonjwa wenye sababu ya kweli, kama hofu kali au mwili usioweza kutulia. Kama huna sababu, sema mapema kwamba unataka bila usingizi, na hakikisha imeandikwa kwenye fomu ya miadi, usingoje kusema siku yenyewe. Pamoja na hayo, nenda na dereva. Mguu unaweza kulegea kwa saa chache, na vituo vingi huahirisha miadi papo hapo ukifika peke yako.

Baada ya wiki kadhaa bima itakuletea taarifa yake, ile karatasi iliyoandikwa kwamba si bili. Usilipe kitu kabla haijafika. Hospitali ikikubana ulipe 2,900 mapema, omba ulipe baada ya bima kumaliza hesabu. Wengi hukubali, au hupokea sehemu. Kisha omba bili yenye mchanganuo wa kila mstari. Sheria ya Texas iliyoanza Septemba 1, 2023 inazitaka hospitali na vituo vya afya vikupe mchanganuo huo, wenye namba na maelezo ya lugha nyepesi, kabla ya kukufuatilia kama mdaiwa.

Mchanganuo ukifika, keti mezani na kalamu. Unatarajia kuona 64493 yenye 50, halafu 64494 yenye 50 au iliyoandikwa mara mbili. Ukiona na 64495 hapo chini, simama. Hiyo ni ngazi ya tatu, na wewe una viungo viwili. Kosa hili hutokea kwa sababu mtu wa bili amesoma "neva tatu" kwenye ripoti ya daktari akahesabu ngazi tatu, wakati bili huhesabu viungo, haihesabu neva. Ukiona 77003, hiyo ni picha ya eksirei ya kuongozea sindano. Nayo haitozwi peke yake, kwa sababu imeshajumuishwa ndani ya 64493. Ukiona 99213 au 99214 siku hiyohiyo, ni ada ya kumwona daktari. Inaruhusiwa tu kama alikuchunguza kwa jambo la ziada, na kusema "karibu, tia sahihi hapa" si uchunguzi. Ukiona 01938, ni bili ya mtaalamu wa ganzi kwa kiuno. Kama hukulazwa usingizi, haikuhusu. Kosa ukiliona, andika barua fupi kwa ofisi ya bili na nakala kwa bima, ukitaja namba na sababu, na uombe akaunti isimamishwe wakati wanachunguza.

Kuna hofu moja ambayo sheria imeipunguza sana: kwenda kwenye jengo la mtandao wako, kisha kuletewa bili ya mtaalamu wa ganzi usiyemchagua ambaye yuko nje ya mtandao. Texas ilizuia jambo hilo kwa mipango inayosimamiwa na jimbo kuanzia Januari 1, 2020, na sheria ya Marekani nzima ikafuata Januari 1, 2022. Hospitalini au kwenye kituo cha siku moja cha mtandao wako, huyo mtaalamu wa ganzi hawezi kukudai zaidi ya mgawo wako wa kawaida, wala hawezi kukuomba utie sahihi kuiacha haki hiyo. Tazama kadi yako. Ikiwa na herufi TDI au DOI, mpango wako unasimamiwa na jimbo na malalamiko yanakwenda Idara ya Bima ya Texas, 800-252-3439. Kama hazipo, yaelekea mwajiri wako anailipia bima mwenyewe, na unatumia sheria ya taifa, malalamiko piga 800-985-3059. Lakini ulinzi huu hauifuati ofisi ya kawaida ya daktari. Ukichagua ofisi kwa ajili ya bei yake, hakikisha daktari mwenyewe yuko ndani ya mtandao, maana hapo hakuna wa kukukinga.

Wazee walio na Medicare ya kawaida hesabu yao ni fupi: dedaktibo ya mwaka ya dola 257 kwa 2025 au 283 kwa 2026, kisha asilimia 20 ya bei ya Medicare, isipokuwa wana bima ya nyongeza inayoibeba asilimia hiyo. Jengo linawahusu nao.

Sasa mke wako. Shingo ina namba zake: 64490 kiungo cha kwanza, 64491 cha pili. Kwa kuwa hana bima, sheria inampa haki ya makadirio ya bei kwa maandishi. Miadi ikipangwa angalau siku tatu za kazi kabla, makadirio yatolewe ndani ya siku moja ya kazi. Ikipangwa siku kumi za kazi kabla au zaidi, au akiomba tu kujua bei, wana siku tatu za kazi. Aiweke karatasi hiyo kama cheti. Bili ya mtoa huduma ikizidi makadirio yake kwa dola 400 au zaidi, ana siku 120 tangu tarehe ya bili kulipeleka suala kwa msuluhishi wa serikali, kwa ada ya dola 25. Aulize hasa kama makadirio yanajumuisha daktari, jengo na ganzi, kwa sababu mara nyingi karatasi anayopewa ni ya mmoja tu kati yao. Kwa asiye na bima, ofisi au kituo cha siku moja chenye bei moja ya taslimu inayofunika vyote ndicho cha kutafuta kwanza. Apige simu tatu au nne akitaja namba zilezile, ataona bei zinavyopishana.

Kama kipato ni kidogo, aanze na mfumo wa hospitali wa kaunti kabla ya kutoa taslimu. Kwa kaunti yenu, Harris, ni Harris Health. Walio Dallas wana Parkland, Fort Worth ni JPS, San Antonio ni University Health. Msaada unapimwa kwa makazi ya kaunti na kipato, kwa hiyo aandae bili ya umeme au mkataba wa nyumba, vipande vya mshahara na kitambulisho. Foleni ya kliniki ya maumivu yaweza kuwa ndefu, ajiandikishe mapema. Medicaid ya Texas, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, haiwachukui watu wazima wengi wasio na ulemavu, hivyo asishangae kukataliwa huko.

Hata wewe mwenye bima unaweza kuomba msaada. Hospitali isiyo ya faida inalazimika kuwa na sera ya msaada wa kifedha na kupokea maombi hadi siku 240 tangu bili ya kwanza. Haiwezi kuchukua hatua kali za kudai kabla ya siku 120. Omba fomu kwa jina hilo, "msaada wa kifedha". Ukiomba tu mpango wa kulipa kidogo kidogo, utapewa mpango na deni litabaki lote. Na jambo moja linalowanyima watu usingizi bure: katika Texas mshahara haukatwi kwa mwajiri kwa ajili ya deni la hospitali. Fedha zikishaingia benki ni habari nyingine, mdai aliyeshinda kesi anaweza kuzifuata huko, kwa hiyo barua ya mahakama usiiache mezani bila kuijibu.

Mazungumzo yote haya unaweza kuyafanya kwa Kiswahili. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali ya Marekani zinatakiwa zikupe mkalimani bila malipo, na kwa Kiswahili huwa ni kwa simu. Sema tangu mwanzo kwamba unamhitaji, na useme ni Kiswahili cha wapi, maana cha Lubumbashi na cha Mombasa havifanani maneno yote. Usimtumie mwanao kutafsiri hesabu za bili.

Kwa hiyo kesho, ndugu yangu, usianze na bima. Mpigie karani wa daktari wako umuulize: mbali na hospitali hii, daktari anachomea wapi siku nyingine? Madaktari wengi wa maumivu wana siku zao kwenye kituo cha siku moja au wana mashine ofisini. Akikutajia mahali, ulizia bei ya mkataba ya hapo kwa 64493 na 64494, na ikiwa iko chini, omba kibali kiandikwe upya kwa jina la jengo hilo kabla hujakubali tarehe. Kubadilisha kibali huweza kuchukua siku kadhaa. Tarehe ya hospitali usiifute mpaka kipya kiwe mkononi mwako.